Picha ya kweli, habari nusu

Nyakanazi haikosi televisheni. Katika migahawa ya njiapanda hii ya wilayani Biharamulo, ambako malori kutoka Dar es Salaam hupumzika kabla ya kukata kuelekea Kigoma au kuendelea na njia ya Rusumo, Kobero na Bukoba, kuna skrini iliyotundikwa juu ya friji ya soda na king'amuzi kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Ikifika saa mbili usiku dereva mmoja huinua kichwa kutoka kwenye sahani ya ugali: "Mama, hebu tuwekee taarifa ya habari." Waliokuwa wanaangalia mpira hunung'unika, lakini chaneli hubadilishwa. Hawa ni watu wanaoijua Rwanda, Burundi na Kongo kwa kuzipita. Habari ikisomwa kuhusu Kigali au Bujumbura, wapo waliotoka huko juzi, na huanza kuibishia kabla msomaji hajaimaliza.

Nyakanazi yenyewe huonekana humo kwa nadra: barabara inapozinduliwa, lori linapopinduka, maradhi yanapoingia. Ndivyo ilivyo kwa ukanda wote huu wa Biharamulo na Ngara. Kamera huja mbio pakiwa na vifo, hukaa siku tatu, huondoka. Na nikiangalia nyuma miaka thelathini na kitu ya kazi hiyo, naona kwamba televisheni haijaukosea mkoa huu wa Kagera kwa kusema uongo. Picha zilikuwa za kweli, watu waliolia walikuwa wanalia kweli. Kilichopungua ni maneno ya kumwambia mtazamaji anaangalia nini, nani kasema hivyo, na yapi bado hayajajulikana.

Tuanze na Ngara. Kati ya Aprili 28 na 29, 1994, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania, ndani ya saa 24 hivi. Walijazana Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, na kwa muda mfupi Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Wapigapicha walifika kwa ndege ndogo na kwa magari ya mashirika ya misaada. Walipata kila kitu ambacho televisheni hukipenda: foleni za maji, moshi wa kuni hadi upeo wa macho, mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Tanzania Bara ndiyo kwanza ilikuwa inaingia katika zama za televisheni mwaka ule, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo mtu wa London aliiona Benaco kabla ya mtu wa Biharamulo mjini.

Lakini aliona nini hasa? Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza Aprili 7. Wengi wa waliovuka Rusumo siku ile walikuwa Wahutu waliokimbia kusonga mbele kwa jeshi la waasi wa RPF. Walikuwamo wakulima wasio na hatia yoyote, na walikuwamo walioua na waliopanga kuua, wakitembea komuni kwa komuni pamoja na viongozi wao wa vijiji. Pale mpakani maofisa wa Tanzania waliwanyang'anya silaha, na kando ya barabara likabaki lundo la mapanga na marungu. Lundo hilo lilipigwa picha. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani kilichoeleweka ni kwamba hawa ndio wahanga wa mauaji waliyokuwa wakiyasikia, wamenusurika, wapelekewe mablanketi. Wahanga wenyewe walikuwa wakipita mtoni, chini ya daraja lile lile. Maiti zilizobebwa na Mto Kagera zilifika Ziwa Victoria, na wavuvi wa Kasensero nchini Uganda walikuwa miongoni mwa waliozitoa majini.

Mauaji yenyewe karibu hayana filamu. Mwingereza Nick Hughes, akiwa juu ya jengo la shule ya Kifaransa mjini Kigali, alirekodi kwa mbali watu wakiuawa barabarani, na picha hizo ni miongoni mwa chache sana zilizopo. Baadaye alikwenda kutoa ushahidi katika mahakama ya kimataifa Arusha. Tuna dakika chache za kosa lenyewe na saa zisizohesabika za wakimbizi. Mtu akijifunza Rwanda ya 1994 kwa kuhesabu picha, atatoka na historia iliyopinduliwa.

Lipo jina moja linaloonyesha uzito wa jambo hili. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komuni ya Murambi, alikuwa Benaco. Juni 1994, wafanyakazi wa misaada walipotaka aondolewe kambini, umati wa maelfu uliwazingira na kuwatishia. Ilichukua miaka mingi: mahakama ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2011, na rufaa ikakipunguza hadi miaka 40 mwaka uliofuata. Mwandishi aliyepita kwenye kambi ile na kamera angeweza kuuliza swali dogo tu: nani anagawa chakula katika mtaa huu wa mahema, na kabla ya kuvuka alikuwa nani huko kwao? Wapo waliouliza, na tuwape heshima yao. Ila jibu lake halikuwa na picha nzuri, na foleni ya maji ilikuwa nayo.

Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera pale Ngara, ikizungumza na wakimbizi na wenyeji kwa lugha zao. Naitaja redio katika makala ya televisheni kwa sababu moja. Redio ile ililazimika kuishi na wasikilizaji wake. Ikikosea leo, kesho mtu anakuja getini kuuliza. Kituo kinachorusha kutoka mbali hakijui adha hiyo.

Ndipo tunafika Biharamulo ya Januari 2025, na hapa nitakaa.

Januari 14 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba linashuku mlipuko wa homa ya Marburg mkoani Kagera: washukiwa 9, kati yao 8 wakiwa wamekufa, katika wilaya za Biharamulo na Muleba. Mara tu baada ya hapo Wizara ya Afya, chini ya waziri wa wakati huo, Jenista Mhagama, ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hadi Januari 15 hazikuwa na virusi vya Marburg. Januari 20, akiwa Dodoma na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika kuwa na Marburg, na kwamba sampuli nyingine 25 hazikuonyesha virusi. Machi 13 mlipuko ukatangazwa kwisha. Hesabu ya mwisho ilikuwa watu 10: wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliodhaniwa. Wote walikufa.

Kati ya Januari 14 na 20 ni siku sita, na siku sita hizo ni mtihani wa uandishi ambao ningeuweka kwenye kila chuo cha habari nchini. Tamko la kwanza linasema kuna ugonjwa. La pili linasema vipimo havikuuona. Mtazamaji wa kawaida huyasikia kama ugomvi wa watu wawili, mmoja mkweli na mwingine mwongo, kisha anachagua upande kwa mapenzi yake. Lakini hayo hayakuwa lazima yapingane. Wale wanane wa kudhaniwa walikuwa wameshafariki kabla mlipuko haujathibitishwa. Kipimo hujibu kuhusu sampuli iliyofika maabara, na aliyezikwa bila kutolewa sampuli hawezi kutoa jibu lolote, baya wala zuri. Sentensi moja ya namna hiyo, ikisomwa kwa utulivu katikati ya habari, ingemfanya mtu wa Nyakanazi aelewe kwamba "hazikuonyesha virusi" haina maana sawa na "hakuna ugonjwa". Haimtukani waziri na haimpingi Tedros. Inahitaji tu mhariri aliyejiuliza: sampuli za nani, na zilichukuliwa lini?

Na watu walikuwa na maswali yao yasiyoweza kusubiri. Muuza chakula alitaka kujua kama anaweza kuendelea kupokea noti kutoka mkononi mwa mgeni. Bodaboda alitaka kujua kama ambebe mtu mwenye homa. Madereva wa Kigali walikuwa wameshapitia haya upande wa pili wa Rusumo: Rwanda ilitangaza Marburg mwishoni mwa Septemba 2024, ikapata wagonjwa 66 na vifo 15, na ikatangaza kumaliza Desemba 20, wiki chache tu kabla ya Biharamulo. Wangeweza kuwa chanzo kizuri cha habari hawa, kama mtu angewauliza walichokiona kule na namna walivyopimwa joto mpakani.

Majibu yenyewe hayakuwa siri. Marburg huambukizwa kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au ya marehemu, au vitu vilivyochafuliwa nayo. Haisafiri hewani kama mafua. Dalili zinaweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza, na ndiyo maana nchi husubiri siku 42, yaani mara mbili ya muda huo, baada ya mgonjwa wa mwisho, kabla ya kutangaza kwamba imepona. Popo wa matunda ndio wanaobeba virusi hivyo. Na halikuwa jambo geni Kagera: Machi 2023 Bukoba Vijijini ilipata mlipuko wa kwanza wa Marburg katika historia ya Tanzania, wagonjwa 9 na vifo 6, ukaisha Juni 2. Maarifa yalikuwapo ndani ya mkoa wenyewe, kwa wauguzi na viongozi wa vijiji waliokwisha kuyapitia.

Sasa fikiria habari ya sekunde 50 inavyotengenezwa. Mwandishi yuko mbali, picha za Biharamulo hazijafika, msomaji anasubiri. Mhariri wa picha anafungua maktaba, anatoa watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga na miwani mikubwa, pengine wa Ebola ya miaka iliyopita katika nchi nyingine kabisa. Kama pembeni pameandikwa "picha ya maktaba" kwa herufi ndogo, sheria imetimizwa. Lakini mgahawani Nyakanazi skrini iko mbali na herufi hazisomeki. Anayekula pale anaona mavazi meupe na kusikia jina la wilaya yake, basi kwake hayo yametokea hapo barabarani. Kosa hili halina mwongo ndani yake, wala halimwachi mtu wa kushtakiwa. Na lina dawa rahisi: msomaji aseme kwa mdomo kwamba picha hizi ni za zamani na ni za mahali pengine.

Upande wa pili wa shilingi ni pale kamera inapofika kweli. Katika ugonjwa kama huu mlango wa nyumba ni utambulisho. Ukiuonyesha mlango, mwembe ulio mbele yake na jina la kitongoji, umeshaitaja familia hata kama uso umefunikwa ukungu. Wiki sita baadaye serikali itatangaza kwamba ugonjwa umekwisha, lakini watoto wa nyumba ile bado watakuwa wale wa Marburg shuleni na kisimani. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania, chombo ambacho wanahabari walikiunda wenyewe katikati ya miaka ya 1990, zinataka faragha na msiba wa mtu viheshimiwe. Maneno hayo yanaonekana mepesi mpaka ukae kwenye kijiji ambako nyumba zote zinajulikana.

Aibu ya namna nyingine ilitokea Bukoba, nayo ni ya tarakimu. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Nchi nzima iliangalia mubashara wavuvi na askari wakiivuta kwa kamba. Mapema tulielezwa kwamba waliookolewa ni 26. Baadaye ikabainika waliopona ni 24 na waliokufa ni 19. Wawili katika ile hesabu ya kwanza walikuwa waokoaji walioumia, wakachanganywa na abiria. Kwa ofisi ni marekebisho ya karatasi. Kwa mtu aliyekuwa na ndugu ndani ya ndege, tofauti ya wawili ilikuwa ni saa kadhaa za kutumaini. Siku ile pia tuliambiwa kwamba marubani walikuwa hai ndani ya chumba chao na wanawasiliana na walio nje. Wote wawili walikufa.

Aliyetoa takwimu alikuwa kiongozi mwenye nia njema, katikati ya fujo, na simlaumu. Nawalaumu waliozisoma kana kwamba zimehesabiwa na mkaguzi. "Mkuu wa mkoa anasema kwa sasa ni 26, na hesabu inaendelea" ni maneno machache tu. Yaliachwa kwa sababu namba iliyo kamili huvutia zaidi kwenye utepe wa chini ya skrini. Jioni ile ile kijana mvuvi aliyekuwa miongoni mwa waokoaji wa mwanzo akahojiwa akiwa kitandani hospitalini, akawa shujaa wa taifa kabla ya usiku kuingia, na baadaye maelezo yake yakaanza kubishaniwa hadharani na watu wazima walioketi studio. Hakuomba hata kimoja cha hivyo viwili.

Msomaji wa Dar es Salaam ataniuliza: hao wahariri ni wavivu tu? Hapana, na ni haki tuseme wanachokiogopa. Mwanzoni mwa Januari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilivitoza vituo vitano, vikiwamo ITV, Star TV na Channel Ten, faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa kutangaza tamko la Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani. Aprili 2020 kampuni za Multichoice, Azam na StarTimes zikatozwa milioni tano kila moja kwa habari kuhusu namna serikali ilivyokabili korona. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka huo huo zikakataza kutangaza mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka husika. Mhariri aliyepitia hayo amejifunza kwamba mahali salama ni mbele ya jukwaa la kiongozi, akisubiri tamko. Mdhibiti aliandika neno "maadili" juu ya adhabu hizo, na chumba cha habari kikaelewa kwamba maadili maana yake ni kungoja. Hasara hiyo naiona kubwa kuliko zile milioni.

Kuna hofu kubwa zaidi ya faini. Septemba 2, 2012, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini kijijini Nyololo, Mufindi, mkoani Iringa. Mwaka 2016 askari polisi alihukumiwa miaka 15 kwa kumuua bila kukusudia. Picha ya mwili wake ulioharibika ilizunguka nchi nzima. Hata sisi tunaopigania heshima ya maiti wa watu wengine tuliiangalia na kuituma.

Jambo hili la maiti lina ubaguzi wake wa kimataifa pia. Januari 2019, magaidi waliposhambulia hoteli ya DusitD2 Nairobi, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya waliouawa wakiwa wamelala kwenye meza za mgahawa. Wakenya waliuliza kama picha hiyo ingechapishwa lau waliouawa wangekuwa wanafunzi wa Marekani. Gazeti lilijitetea, picha ikabaki. Waliokuwa Rusumo mwaka 1994 wangeweza kuuliza swali hilo hilo kuhusu miili iliyoonyeshwa ikianguka na maporomoko, usiku baada ya usiku, bila jina hata moja.

Hata hivyo hofu ya mdhibiti haielezi kila kitu. Tamko la Januari 14 lilikuwa hadharani, na la wizara pia. Hakuna kanuni iliyomzuia mtu kuyasoma yote mawili na kueleza sampuli ni nini. Kilichozuia, kwa maoni yangu, ni fedha. Mwandishi wa mkoani wa vituo vingi vyetu si mwajiriwa. Hulipwa kwa habari iliyorushwa, na isiporushwa hajapata kitu. Kutoka Bukoba hadi Nyakanazi ni safari ya masaa, kisha bodaboda, kisha vocha ya kutuma picha, na yote hutoka mfukoni mwake kabla hajajua kama habari itatumika. Katika hesabu hiyo gari la mkuu wa wilaya lenye nafasi moja nyuma ni msaada mkubwa, na aliyepewa lifti hamhoji sana aliyempakia. Tunayaita hayo upungufu wa maadili ya mwandishi. Mimi nayaita bajeti ya mwenye kituo.

Athari zake huonekana zaidi tukio likishapita. Kuthibitika kwa Marburg kulitangazwa na Rais, na kila kituo kilikuwapo. Machi 13, ulipotangazwa mwisho wake, habari ilikuwa ni karatasi ya wizara ya kusomwa. Kurudi kijijini kuuliza familia zinaishije, kama wauguzi walilipwa posho walizoahidiwa, kama mtoto wa nyumba ile anakaa na wenzake darasani, hakuna anayelipia. Mwandishi anayejua barabara hiyo na kuzungumza Kihangaza au Kisubi yupo tayari, na simu yake yenye kamera nzuri ipo mfukoni. Kituo kikimtaka Nyakanazi wiki sita baada ya mazishi, kimtumie kwanza nauli na hela ya kula, kisha kimwachie siku mbili bila kumpigia kuuliza klipu iko wapi.